Bei ya maji na majitaka mjini: wasomaji wauliza

Barua kuhusu ankara za maji zimekuwa nyingi kiasi kwamba safari hii ukurasa mzima tumeuachia mada hii. Tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha. Pale tulipotumia "mji wa mfano", tarakimu zake ni za kuelekezea hesabu tu, si za mamlaka yoyote.

Mamlaka ya maji ya mji wetu imeomba kupandisha bei kwa miaka mitatu mfululizo. Mimi nina duka la vipuri, natumia ndoo mbili tu kwa siku. Hiyo bei wanaitoa wapi? Au wanakaa tu wanakadiria? (Mwenye duka)

Kuna kanuni, na kanuni yenyewe si ngumu. Kwanza zinajumlishwa gharama halali za mwaka: umeme wa pampu, dawa za kutibu maji, mishahara, matengenezo, uchakavu wa mitambo na mabomba, na marejesho ya mikopo. Kisha jumla hiyo inagawanywa kwa uniti zinazotarajiwa kuuzwa. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20.

Watu wengi hubishania gharama, na wana haki, lakini kwa maoni yetu pesa nyingi zaidi hupotelea kwenye kile kigawanyo. Tuchukue mji wa mfano. Mitambo yake inazalisha uniti milioni 6 kwa mwaka na gharama halali ni Sh bilioni 6. Ukigawa harakaharaka unapata Sh 1,000 kwa uniti. Mji ukiuza kwa bei hiyo utaishiwa pesa kabla mwaka haujaisha, kwa sababu si kila uniti inayotoka mtamboni hufika kwenye ankara. Tuseme asilimia 35 inapotea njiani: mabomba yanavuja, watu wamejiunganishia kinyemela, dira za kupimia maji zimezeeka na zinasoma pungufu. Zinabaki uniti milioni 3.9 za kuuza, na bei inapanda hadi Sh 1,538. Halafu si kila ankara inalipwa. Wakikusanya asilimia 92 ya walichodai, inabidi uniti iuzwe Sh 1,672 ili gharama zirudi.

Sasa punguza upotevu uwe asilimia 20, usiguse kitu kingine chochote. Uniti za kuuza zinakuwa milioni 4.8, na bei inashuka hadi Sh 1,359. Zaidi ya Sh 310 kwa kila uniti zilikuwa ni gharama ya maji ambayo hakuna mteja anayelipa aliyeyafungulia bomba.

Hapa ndipo kazi ya mdhibiti ilipo. Tanzania bei za mamlaka za maji mijini huidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na kigezo chake cha upotevu unaovumilika ni asilimia 20. Mamlaka inayopoteza 35 haipaswi kumbebesha mteja zote 35. Mdhibiti akikubali, kwa mfano, 25 tu kwenye hesabu, zile 10 zinakuwa mzigo wa mamlaka yenyewe hadi itakapoziba mabomba. Mdhibiti asipokaza hapo, hakuna anayepata hasara kwa uvujaji isipokuwa wewe.

Kuhusu mikopo, usichukulie kila deni kuwa ni ubadhirifu. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi unaojali mazingira, ya Sh bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Riba peke yake kwa kiasi hicho ni kama Sh bilioni 7.17 kwa mwaka, na mlipaji wa mwisho ni mteja. Deni la namna hiyo lina maana likizalisha uniti mpya za kuuza, kwani hapo na kigawanyo nacho kinakua. Lisipozalisha, linakaa upande wa gharama peke yake.

Dada yangu yuko Moshi, mimi niko Shinyanga. Nchi moja, waziri mmoja, mdhibiti mmoja. Kwa nini bei za maji zisilingane? (Msomaji wa Shinyanga)

Kwa sababu milima na mito haikugawanywa sawa. Moshi inapata maji mengi kwenye chemchemi za miteremko ya Kilimanjaro. Yanashuka yenyewe kwa mserereko, na ni masafi tangu yanapotoka ardhini. Shinyanga inanunua maji ya jumla kutoka KASHWASA, mamlaka ya maji ya Kahama na Shinyanga, yanayovutwa Ziwa Viktoria pale Ihelele, yanatibiwa, yanapandishwa kwa pampu, ndiyo yaanze safari ndefu ya bomba. Mamlaka ya mji wako inakuwa imeshalipa bei ya jumla kabla haijalipa mshahara wa fundi wake wa kwanza.

Kuna hesabu ya umeme isiyobadilika popote duniani. Kupandisha uniti moja ya maji mita 100 kunahitaji kama kilowati-saa 0.27 kwa kanuni za fizikia. Ukiwa na pampu na mota ambazo kwa pamoja zina ufanisi wa asilimia 65, inakuwa kama 0.42. Pampu iliyochakaa hula zaidi kwa maji yaleyale. Dodoma, inayotegemea sana visima virefu vya Mzakwe, inalipa umeme wa kuyatoa maji chini kabla ya kuyasukuma mjini.

Dar es Salaam ina tabu ya aina nyingine. Tegemeo lake kubwa ni mto Ruvu, wenye mitambo miwili: Ruvu Chini yenye uwezo wa lita milioni 270 kwa siku na Ruvu Juu yenye lita milioni 196. Mto ukifurika, tope linaongezeka na dawa ya kulituliza inaongezeka nalo. Mto ukikauka, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2021 na tena 2022, uniti za kuuza zinapungua huku mishahara na mikopo ikibaki palepale.

Nyumba yangu ina familia sita za wapangaji na dira moja. Kila mwezi ankara inakuja na bei ya juu kabisa, wapangaji wananiona mwizi. Nifanyeje? (Mama mwenye nyumba)

Pole mama. Wewe si mwizi, na wapangaji wako hawajakosea kulalamika. Tatizo ni bei ya ngazi.

Ngazi zilibuniwa kwa nia njema: anayetumia kidogo alipe kidogo, anayemwagilia bustani alipe zaidi. Tuseme bei ni Sh 1,200 kwa uniti 5 za mwanzo, Sh 1,700 kwa uniti 10 zinazofuata, na Sh 2,200 kwa kila uniti inayozidi 15. Familia yenye dira yake ikitumia uniti 6 italipa Sh 7,700. Familia sita kama hiyo zikiwa kwenye dira moja zinatumia uniti 36. Tano zinalipiwa Sh 6,000, kumi Sh 17,000, na 21 zilizobaki Sh 46,200. Jumla ni Sh 69,200, yaani kama Sh 11,533 kwa kila familia. Maji ni yaleyale, lakini kila familia inalipa karibu nusu zaidi, tena mara nyingi ni familia zenye kipato kidogo kuliko ile yenye dira yake.

La kufanya kwanza ni kuomba akaunti na dira tofauti kwa kila familia. Dira zipangwe pamoja karibu na geti, kila moja ikiwa na koki yake, ili asiyelipa akatiwe yeye tu. Gharama ni ya kuunganishia mara sita pamoja na mabomba ya ndani, kwa hiyo uliza kama unaweza kulipa kidogokidogo kupitia ankara. Ikishindikana, iandikie mamlaka kuomba ngazi zizidishwe kwa idadi ya kaya, yaani uniti 30 za mwanzo badala ya 5 zilipiwe bei ya chini. Ambatisha barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha idadi ya kaya.

Dira ndogo za ndani unazofunga mwenyewe zinamaliza ugomvi wa nani katumia nini, lakini hazibadilishi bei, maana mamlaka inasoma ile kubwa tu. Faida yake nyingine ni hii: jumlisha dira ndogo zote, linganisha na kubwa. Pengo likikua mwezi hadi mwezi, kuna bomba linavuja katikati. Kama huna dira ndogo, gawanya ankara kwa idadi ya watu, usigawanye kwa vyumba.

Msimamo wetu hapa uko wazi. Kwenye miji ambayo nyumba za kupanga zenye dira moja ni nyingi, bei moja tu kwa majumbani ni ya haki zaidi kuliko ngazi, na nguvu ielekezwe kwenye bei ya gati, yaani bomba la umma la kuuzia maji kwa ndoo. Ndoo ya lita 20 ikiuzwa Sh 50 ni Sh 2,500 kwa uniti. Anayenunua kwa ndoo, ambaye hata bomba hana, anaweza kuwa analipa kuliko mwenye nyumba ya ghorofa.

Je, kwenye ankara ya maji kuna VAT? (Mhasibu)

Hapana. Maji ya bomba yamesamehewa kodi hiyo. Ya chupa hayajasamehewa. Ila kwa kuwa huduma imesamehewa, mamlaka haiwezi kudai kurudishiwa VAT iliyolipa kwenye mabomba na pampu za kutoa huduma hiyo, kwa hiyo inaingia kwenye gharama na kukufikia kwa njia ya bei. Ile tozo ya EWURA ni kitu kingine: sheria inairuhusu isizidi asilimia 1 ya mapato ya mtoa huduma, na ndiyo inayoendesha udhibiti.

Nina hoteli ndogo yenye jiko na vyumba 12. Nina kisima changu, bomba la mamlaka ni la akiba tu. Sasa wananitoza majitaka hata kwa maji ya kisima. Ni haki? Na kwa nini biashara tunalipa bei ya juu kuliko majumbani? (Mwenye hoteli)

Kutozwa ni haki. Unacholipia kwenye majitaka ni bomba la kuyaondoa, chemba, pampu na mabwawa ya kuyasafisha kama yale ya Vingunguti, Dar es Salaam. Maji ya kisimani yakishapita chooni na jikoni kwako yanaishia hukohuko. Swali la maana ni kipimo. Majitaka hayapimwi kwa dira mlangoni mwako, bali hukadiriwa kutokana na maji yaliyoingia, na wasanifu kwa kawaida huchukua karibu asilimia 80. Kama hakuna dira kwenye kisima, watakadiria kwa ukubwa wa pampu au idadi ya vyumba, na ni nadra kadirio la namna hiyo kumpendelea mteja. Funga dira kwenye bomba linalotoka kisimani kwenda kwenye tanki, waite waisajili na kuifunga lakiri. Ukiwa na bustani, itenge kwa dira yake pia na uombe uniti hizo zitolewe kwenye hesabu ya majitaka. Kiwanda cha barafu au soda kina hoja hiyohiyo, kwani maji yake mengi yanaondoka kwenye gari.

Hakikisha pia kisima kina kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde lako. Bila hicho, barua yako ya malalamiko itakuletea mazungumzo mengine kabisa.

Jiko lako ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Mafuta ya kupikia yakiwa ya moto yanapita vizuri kwenye sinki, yanapoa mbele ya safari na kuganda ukutani mwa bomba hadi njia inaziba. Jenga mtego wa mafuta wenye vyumba viwili kati ya sinki na chemba ya kwanza. Kwa kukadiria ukubwa, chukua maji yanayotoka jikoni kwa dakika moja wakati wa pilikapilika, zidisha kwa 30. Lita 20 kwa dakika zinataka mtego wa lita 600. Usafishe tabaka la mafuta juu na mashapo chini vikifika robo ya kina cha maji. Kumwaga maji ya moto na sabuni ili kuyeyusha mafuta ni kuyahamishia tu kwenye bomba la mtaa.

Na usiunganishe mfereji wa paa kwenye majitaka. Paa la mita za mraba 200 likipigwa na mvua ya milimita 50 linamwaga lita 10,000. Bomba la majitaka halikutengenezewa hayo, na chemba itakayofumka ni ya jirani aliye chini yako.

Bei ya biashara ni ya juu kwa makusudi: inambeba mteja mdogo wa nyumbani na wa gati. Tunaikubali hiyo, lakini ina kikomo. Ikizidi gharama ya kuchimba na kuendesha kisima, wateja wakubwa wanaondoka mmoja mmoja, uniti za kuuza zinapungua, na mzigo waliokuwa wameubeba unarudi kwa walewale waliokusudiwa kusaidiwa. Mamlaka inayoomba kupandisha bei ya biashara inapaswa kueleza imepoteza wateja wangapi wa aina hiyo tangu ilipopandisha mara ya mwisho.

Nilikuwa natumia uniti 12 kwa mwezi. Mwezi uliopita imekuja 55, na mgawo ulikuwa mkali. Naambiwa "lipa kwanza". (Msomaji aliyechoka)

Kabla ya kwenda ofisini, fanya uchunguzi wako.

Anza na namba. Linganisha usomaji ulio kwenye ankara na dira yenyewe. Tarakimu nyeusi ni uniti kamili, nyekundu ni sehemu za uniti. Ankara ikiwa mbele ya dira, ama ilikadiriwa au ilisomwa vibaya, na picha ya dira yenye tarehe inatosha kuanzia malalamiko.

Kama namba zinalingana, funga bomba zote ndani, kisha angalia kile kigurudumu kidogo cha nyota au pembetatu kwa dakika 15. Kikizunguka, maji yanatoka mahali. Funga koki ya kuingilia simtanki: kikisimama, huenda boya la tanki limeharibika na maji yanafurikia kwenye bomba la ziada bila wewe kuona. Kisiposimama, huenda uvujaji uko ardhini kati ya dira na nyumba. Kwa choo, weka rangi ya chakula kwenye tanki lake na usikivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, raba imekwisha. Ongezeko lako la uniti 43 ni sawa na lita moja tu kwa dakika, usiku na mchana, kwa siku 30. Uvujaji mdogo namna hiyo unaweza kufichwa kabisa na mchanga.

Usipopata uvujaji, jaribu dira. Jaza ndoo tano, kila moja kilo 20 za maji kwenye mizani, kwani dumu linaloitwa la lita 20 mara nyingi linabeba zaidi. Dira isogee lita 100. Dira nzima hupotoka kwa asilimia 2 hivi kwenye mtiririko wa kawaida, kwa hiyo ikisoma zaidi ya 105, omba kwa maandishi ipimwe, na uulize ni nani atalipia kipimo ikionekana mbovu. Wakala wa Vipimo wana mamlaka ya kisheria juu ya dira za maji.

Halafu kuna upepo. Wakati wa mgawo mabomba ya mtaa yanabaki na hewa. Maji yakirudi yanaisukuma hewa hiyo mbele, nayo inapita kwenye dira yako na kuizungusha, kwani dira za kawaida huhesabu mzunguko tu, hazijui kama kinachopita ni maji au hewa. Dawa ya kudumu ni mamlaka kuweka vali za kutolea hewa kwenye sehemu za mwinuko. Wewe kwa upande wako, funga koki ya dira maji yakikatika, na yakirudi subiri jirani apate maji yasiyokohoa ndipo ufungue.

Malalamiko yawe ya maandishi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Lipa kiasi ambacho hubishanii, mfano wastani wa miezi sita, na uandike hivyo. Usiporidhika na jibu la mamlaka, unapeleka EWURA. Uamuzi wa EWURA nao unakatiwa rufaa Baraza la Ushindani.

Tangazo la taftishi ya bei, yaani mkutano wa wananchi kutoa maoni, limetoka mjini kwetu. Nikienda, niseme nini zaidi ya "maisha magumu"? (Mwenyekiti wa mtaa)

Sema kwamba maisha ni magumu, kisha uliza kwa tarakimu. Taftishi iko kwenye kifungu cha 19 cha Sheria ya EWURA, Sura ya 414, na Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, lipo kwa ajili ya kuwasemea wateja, kwa hiyo liandikie mapema.

Pata ombi la mamlaka kabla ya siku ya mkutano na utafute humo vitu vichache: uniti zilizozalishwa na zilizouzwa miaka mitatu iliyopita, asilimia ya makusanyo, gharama ya umeme kwa kila uniti, na dira ngapi zimepita umri wake. Uliza ni upotevu wa asilimia ngapi umewekwa kwenye hesabu ya bei mpya kwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Usiposhuka, uliza zile pesa za kubadilisha mabomba zinakwenda wapi. Uliza taasisi za umma zinadaiwa kiasi gani, maana ankara yao isiyolipwa inapandisha yako. Kwa majitaka, uliza ni wateja wangapi wapya wataunganishwa na katika mitaa ipi. Kama mtaa wenu unategemea magari ya kunyonya majitaka, dai bei ya kumwaga kwenye mabwawa isipandishwe kiasi cha madereva kuona afadhali kumwaga mtaroni.

Acha pia maoni ya maandishi yenye jina la mtaa na idadi ya kaya, kwani ya mdomo hupungua uzito yakishafupishwa kwenye ripoti. Bei ikiidhinishwa, amri yake huja na masharti ambayo mamlaka inapaswa kuyatimiza. Chukua nakala, ibandike ofisi ya mtaa, na mwakani mwezi kama huu waandikie kuuliza sharti moja baada ya jingine.